Dakika Tano za Damu ya Masunga

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo viganja vinapoa. Nilikuwa binti mpya kwenye maabara ya hospitali moja hapa Bariadi, na nilijiona mjanja. Mama yangu aliuza dagaa Lamadi. Nilikulia kwenye kupatana bei. Kwetu hata salamu ilikuwa na nafasi ya kupungua.

Asubuhi hiyo alilazwa Minza, mkulima wa pamba kutoka Shishiyu. Alikuwa amejifungua mtoto wa sita na damu haikatiki. Jokofu letu la damu lilikuwa na baridi tu, damu hamna. Mumewe, Masunga, akaingia maabara kabla sijamkaribisha, mkono wa shati ameshaukunja.

"Mwangaluka, dada," akanisalimu kwa Kisukuma. "Toa hapa. Ng'ombe wa mahari nilitoa mimi, na damu nitatoa mimi."

"Na ndugu zako je?"

"Hao walikula pilau tu."

Nilimpenda palepale. Kundi lake la damu na la mkewe lilikuwa moja, na vipimo vya magonjwa vilitoka safi. Kilibaki kipimo kimoja: kuchanganya damu ya mume na maji ya damu ya mke, kuviacha kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, kisha kuosha na kutia dawa inayofichua ugomvi uliojificha. Wodini wanaita, damu iko wapi! Nami nikafanya nilichozoea: nikapatana. Nusu saa nikaishusha hadi dakika tano, dawa nikairuka. Nikainua tyubu kwenye mwanga, sikuona damu kushikana, nikasaini. Damu ni nzito kuliko maji, nikajiambia. Nani wa kumshinda mume?

Msimamizi wangu, Mama Kabula, aliporudi kutoka kikaoni damu ilikuwa imeshatundikwa. Akatazama daftari, akatazama saa ya ukutani.

"Umeiweka muda gani?"

"Dakika tano, mama. Wodi walikuwa wanapiga kelele."

"Hata ugali hauivi dakika tano." Hakucheka. "Huyo mama amezaa mara ngapi?"

"Sita."

Akaacha miwani mezani, akakimbia. Sijawahi kuona mtu wa umri ule akikimbia vile. Hapo ndipo hofu iliponiingia, nikamfuata mbio.

Tulimkuta Minza anatetemeka hadi kitanda kinalia. "Kiuno kinakatika," alisema. "Nakufa, jamani." Mama Kabula akaufunga mpira wa damu kwa mkono wake. Kwenye mfuko, mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Mimba sita za watoto wa Masunga, mwanangu, zilikuwa zimeifunza damu ya Minza kuitambua damu ya Masunga na kuishambulia. Askari wa damu wa namna hiyo hawajitokezi kwa dakika tano. Wanataka joto na muda.

Nje ya wodi, shangazi wa Masunga alishaanza. "Hii si bure. Kuna mkono wa mtu, na tunamjua." Akataja jina la bibi mmoja, jirani yao, mjane anayeishi peke yake. Masunga akakaza taya. Na mimi, Mungu anisamehe, nikahisi nafuu. Mkosaji alikuwa amepatikana, na hakuwa mimi.

Mama Kabula akaninong'oneza: "Wewe unajua nani kafanya hivi. Ukinyamaza, jioni watakuwa mlangoni kwa yule bibi. Nenda."

Zilikuwa hatua kumi na mbili hadi aliposimama Masunga. Nilizihesabu, nikaanza tena, kana kwamba zingeongezeka.

"Ni mimi," nikamwambia Masunga. "Damu yako sikuipima hadi mwisho. Hakuna aliyemroga mkeo."

Niliogopa atanipiga. Niliogopa zaidi kwamba hataniamini.

"Kwa hiyo damu yangu ndiyo inayomuua?"

"Wewe ulitoa kwa wema. Aliyekosea ni mimi."

Akakaa sakafuni, akajifunika uso. Shangazi hakulitaja tena jina la yule bibi.

Mama Kabula alipima watu saba, kila damu nusu saa yake kamili. Iliyofaa ilikuwa ya muuza samaki wa Nyashimo aliyekuja kumwona mgonjwa mwingine. Minza akaongezwa damu hiyo, na kwa siku tatu tuliuangalia mkojo wake kama wakulima wanavyoangalia mawingu. Siku ya nne ukawa mweupe, tukajua atapona. Yule bibi jirani hakujua lolote, na ndivyo ilivyopaswa.

Baadaye nilirudi shule, na maisha yangu yote nimewatafiti askari hao wa damu za akina mama. Hofu haijaisha. Siiombi iishe.

Basi, mwanangu, usipatane na kipimo. Kipimo hakina njaa ya kuuza hata kikupunguzie. Na ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijapata mtu mwingine wa kulibeba. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha kosa, mimi naongeza, kifo huenda kwa mwenzake.

Mungu akupe hofu ya kukutosha, ile inayofungua kinywa. Na akuepushe, siku zote za kazi yako ya maabara, na nafuu kama ile niliyoihisi mimi nje ya wodi.