Walimtafuta Tata Kwenye Sinema

Mwanangu, kabla hujanionyesha tena hizo filamu zako za zamani, zile za vita vya jangwani zisizo na rangi, keti hapa unisikilize. Unaniuliza kama zinanifurahisha. Zinanichosha! Siku ya kwanza kuona moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na kidogo tu ituletee balaa.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi hapa Nyamache, miaka michache baada ya uhuru. Baba mkwe wangu, mzee Nyakundi, ambaye nyumbani sote tulimwita Tata, alichukuliwa kwenye vita vya Wazungu akiwa kijana, akapelekwa Misri. Bunduki hakupewa. Alipewa sururu na madebe, akachimba mahandaki na kubeba maji mpaka mabega yakaota sugu. Alizoea kusimulia kwamba jangwani mchana ni moto, na usiku ni baridi ya kugonganisha meno. Watu wa hapa, waliozaliwa ndani ya ukungu na migomba, walimwambia baridi bila mvua haipo duniani. Wakimcheka, yeye hurudi kupalilia pareto yake.

Basi likaja gari la sinema, lile lililozunguka sokoni likitangaza sabuni. Likapiga kelele kwa kipaza sauti kwamba Jumapili alasiri, katika darasa la shule, wataonyesha vita vya Misri. Sasa sikia akili za watu wetu. Vita vya Misri? Si Nyakundi alikuwa huko? Basi tutamwona! Wallahi sikutanii, mwanangu, watu walitoka mpaka Birongo kuja kumtafuta Tata ukutani. Mmoja aliazima miwani. Wengine walibishana njia nzima kama ataonekana kijana au ataonekana na mvi.

Ingekuwa kichekesho tu, kama si kesi ya shamba. Jirani yetu Ombati alikuwa amesogeza mpaka, akameza kipande cha pareto cha Moraa, mjane wa ndugu yake Tata. Wazee wangekaa juma hilohilo kuamua. Kati ya watu waliokuwepo mpaka ule ulipowekwa, aliyebaki hai ni Tata peke yake. Akiaminiwa, Moraa anabaki na shamba. Akiitwa mwongo, Moraa na watoto wake hawana pa kulima.

Siku ikafika. Madirisha yakazibwa kwa magunia, jenereta ikanguruma nje, ukuta ukajaa mchanga. Vifaru, moshi, Wazungu waliochoka, Wazungu waliokufa, Wazungu wanaovuta sigara. Tukangoja. Hakupita hata mtu mweusi mmoja mwenye debe la maji. Minong'ono ikaanza nyuma yangu, na sauti ya Ombati ndiyo iliyokuwa juu: kama alikuwa huko, mbona hayumo?

Halafu wale askari wakafika kisimani. Wakavua kila kitu, wakaanza kurushiana maji, uchi wa mnyama.

Wewe umezaliwa mjini, kwa hiyo lazima nikueleze, ingawa inaniudhi kwamba nalazimika. Kwetu kuna chinsoni. Ni haya iliyowekwa kati ya baba na mke wa mwanawe. Baba mkwe haingii nyumbani mwangu, hatupeani mkono, na jambo lolote la uchi hatulitaji wala hatulitazami tukiwa mahali pamoja. Sasa darasa lilikuwa limefurika, sisi wake tumebanwa kwenye benchi la mbele, wanaume nyuma yetu. Mimi nilikuwa mbele ya Tata kabisa, ukuta ubavuni, sina pa kupita. Nikajifunika leso uso mzima. Nikamsikia Tata akiinuka, akiomba njia kati ya miguu ya watu, akitoka nje.

Ombati akaangua kicheko. Akalitangazia darasa lote kwamba shahidi ametoroka, maana amejitafuta mwenyewe na hakujiona.

Kufikia kesho yake sokoni, Tata alikuwa mwongo wa Misri. Aliyetudanganya Misri atatudanganya na mpaka, ndivyo walivyosema, na ndizi zao kichwani. Yeye hakujitetea. Angesema nini? Kwamba Wazungu walikuwa uchi na mke wa mwanawe ameketi mbele yake? Kulitaja jambo hilo ni sawa na kulifanya. Mume wangu naye hawezi kuzungumza mambo hayo na baba yake. Mimi ndiyo kabisa, mke mgeni, nitafungua mdomo mbele ya wanaume? Nyumba nzima ina watu wenye akili timamu, na hakuna anayeruhusiwa kusema sentensi moja. Nilikasirika mpaka nikaunguza uji wa wimbi jikoni.

Lakini alikuwepo Magokoro, mama mzazi wa Tata, bibi yake mume wangu. Kati ya bibi na mke wa mjukuu hakuna haya hiyo, tunataniana tunavyotaka. Nikaenda kuchambua maharagwe naye, nikamwambia yote. Alicheka akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza nani mwingine alikuwa kwenye lile benchi. Nikamtajia.

Wazee walikaa palepale shambani, katikati ya pareto. Ombati akasimama, akasema huyu shahidi nchi nzima imemtafuta kwenye sinema na haikumwona, na tena alikimbia. Nikaona mzee mmoja anatikisa kichwa kumkubalia. Moraa alikuwa ameshaanza kulia. Ndipo Magokoro akajikokota mbele na fimbo yake, bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Ombati, yule aliyepiga picha zile, ulimwona ukutani?"

Ombati akasema la.

"Basi hakuwepo. Zilijipiga zenyewe."

Watu wakacheka, ila yeye hakuwa amemaliza.

"Mwanangu alitoka kwa sababu mke wa mwanawe alikuwa mbele yake na Wazungu wanaoga. Wewe, mke wa mwanao alikuwa wapi?"

Kicheko kikakatika. Mke wa mwanawe Ombati alikuwa kwenye benchi lilelile, bega kwa bega na mimi, amejifunika leso kama mimi, na baba mkwe wake nyuma anacheka mpaka filamu ikaisha. Ombati akaketi. Mwenyekiti wa wazee hakumwuliza neno tena. Alimgeukia Tata, akamwomba awaonyeshe mpaka. Tata akatembea polepole, akasimama, akasema ni hapa. Moraa akachuchumaa pale aliposimama, akaweka kiganja chake juu ya udongo.

Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira. Shamba la mjane lilitaka kupotea kwa sababu watu waliamini picha za ukutani kuliko jirani waliyelima naye!

Basi shika hili, mwanangu. Ukiona mtu anaondoka, usikimbilie kusema ametoroka. Huenda ndiye peke yake aliyebaki na heshima humo ndani. Na ukiona picha ya jambo kubwa, jiulize nani aliyebeba maji, kwa kuwa huyo hapigwi picha. Ukimpata yuko hai, mwulize yeye, na akisema usiku ni baridi, mwamini.

Nyasae akulinde, akupe watoto wanaokusikiliza kuliko unavyonisikiliza wewe. Na siku watu watakapokukosa mahali ulipokuwa, akupe japo mmoja wa kusimama na kusema ulikuwepo.