Mkono wa Kukata Ubongo

Wenzake wa maabara wanamwita Fundi wa Ubongo, na kwa kukata hana mpinzani. Anayebisha akabishane na ukuta. Ubongo wa panya anaukata vipande vyembamba mpaka gazeti linasomeka kupitia humo, halafu anavinyanyua kwa brashi ya kuchorea, pumzi kaibana, mdomo kaupinda kama anayetunga uzi kwenye sindano. Akikasirika haongei, anafuta wembe. Siku ya kusherehekea wanawake wa sayansi ya ubongo aliufuta tangu asubuhi, maana ile picha ya neva za ubongo, iliyomla macho miaka mingi kuitengeneza, ilitundikwa ukumbini na jina la profesa wa maabara peke yake, na hotuba aliyoahidiwa yeye, profesa kaitoa mwenyewe. Tena akaimalizia kwa mbwembwe: "Sasa dada yetu, mkono wako tunaujua, hebu tukatie keki!"

Watu wakapiga makofi. Akainuka. Kina mama wageni akawakatia mapande ya kushiba. Ilipofika zamu ya profesa, pumzi akaibana, mdomo akaupinda, akakata utando wa keki unaopitisha mwanga, akaulaza kwenye sahani kwa brashi.

"Dada, mbona hivi? Hata ladha sitaisikia!"

"Kula tu, Profesa. Mimi kwenye ile picha sikuachiwa hata kijipande kama hicho."

Profesa akajichekesha peke yake. Fundi akachomoa kalamu nene ya wino, akaenda kwenye picha, akaandika jina lake juu ya la profesa, herufi nono kama mapande ya wageni.