Safari ya Kwenda Kufutana Kura

Nilifunga safari ya Houston kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi. Mzee Lin na mkewe Bi Mei, wateja wangu wa teksi wa siku nyingi hapa DeSoto, Texas, walitaka niwapeleke uwanja wa ndege wa huko waende kwao Taiwan kupiga kura. Ya pili ni mama yangu, aliyenipigia simu kutoka Pemba akilia, akitaka nikapatane na kaka yangu Hamadi anayekaa Sharpstown, huko huko Houston. Tuligombana kwa ajili ya vyama vya siasa vya nyumbani, na miaka mitano hatujaongea. Mimi na utu uzima wangu nilikuwa namsubiri yeye aanze.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa barabarani. Kwao Taiwan kura haitumwi kwa posta wala haipigwi ubalozini. Anayeitaka lazima aende mwenyewe mpaka kule alikoandikishwa. Nikawasifu kwa uzalendo wao. Tulipofika Corsicana kutia mafuta ndipo nilipojua kwamba mzee ni wa chama cha buluu na bibi ni wa kijani.

"Kwa hiyo kura zenu zinafutana," nikasema.

"Kabisa," alijibu Bi Mei, huku akimmenyea mumewe yai.

"Si mngebaki nyumbani nyote wawili? Matokeo ni yale yale."

"Tulikubaliana hivyo uchaguzi uliopita. Akaniaga kwamba anakwenda Houston kununua chai. Siku ya kura mpwa wangu akanitumia picha ya huyu mzee, amesimama kwenye foleni ya kura kwao Taichung."

"Chai nilinunua," alisema mzee.

Kutoka hapo hadi Huntsville nilipewa darasa. Mzee, ambaye baba yake alivuka bahari kutoka China na jeshi lililoshindwa, anasema yeye ni Mchina na jamhuri yake ipo. Bibi, ambaye ukoo wake uko kisiwani tangu enzi na enzi, anasema yeye ni Mtaiwan, basi. Paspoti zao ni za aina moja: mzee anasoma jina la juu, Jamhuri ya China, bibi analifunika kwa kidole gumba na kusoma la chini, Taiwan. Nilicheka peke yangu kwenye usukani. Watu wa kisiwa kimoja, kitanda kimoja, wanagombania jina. Niliwaona vituko kwelikweli.

Saa sita kasoro tulifika uwanjani. Bi Mei aliinama akamfunga mzee kamba za viatu, kisha akamtilia dawa zake mfukoni.

"Magoti yake mabaya," aliniambia. "Lazima nimshike, la sivyo atachelewa kupiga kura."

Wakaingia ndani wameshikana mikono.

Saa nane nilikuwa Sharpstown. Hamadi alinifungulia, tukapeana mikono, shemeji akaleta biriani ya kuku. Mambo yalianza vizuri. Binti yao Salma, wa darasa la nne, alikuwa na kazi ya shule ya kuchora ukoo.

"Uncle, ni-write nini hapa kwenye country yako?"

"Andika Zanzibar."

"Andika Tanzania," alisema Hamadi. "Zanzibar si country. Wewe uliingia America na passport gani?"

"Ina rais wake, ina bendera yake. Ndiyo maana hicho chama chako..."

Sikumaliza. Niliinuka, biriani sijaigusa, nikachukua funguo zangu. Salma alifuta, akaandika Texas.

Saa tisa unusu nilikuwa njiani kurudi DeSoto, karibu na Conroe, nimekwama kwenye foleni ya magari, na hasira ikaanza kugeuka aibu. Wale wazee wanazunguka nusu ya dunia ili wafutane kura, na wanakwenda pamoja. Mimi na Hamadi hatujapiga kura hata moja tangu tuhamie huku, na kwetu hakuna utaratibu wa kupigia ng'ambo. Miaka mitano tumenuniana na hatuna hata cha kufutana. Nilijidharau sana. Nikageuza gari.

Hamadi alifungua mlango, uso ameukunja.

"Umesahau nini?"

"Kula."

Akasogea nipite. Biriani ilikuwa imepoa, tukaila hivyo hivyo. Kabla hatujamaliza kula tulikuwa tumeshaurudia Muungano, na sauti zikapanda hadi shemeji akafunga dirisha. Safari hii sikuinuka.