Kitambaa Nilichokikana

Mnisamehe mwandiko wangu. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito, kwa hiyo herufi zikikosea, someni polepole kama ninavyoandika. Kusema mbele ya watu ndiyo siwezi kabisa.

Wiki iliyopita shangazi alinikabidhi vitambaa vya haboba. Haboba ndivyo sisi Wanubi wa Kampala tunavyomwita bibi. Ni vitambaa vyeupe vya kufunika viti, mama yake haboba alivitarizi kwa mkono: tausi, maua mekundu, majani. Shangazi akasema, "Chukua, mama, ni vyako sasa. Vilikuwa sita, kimoja kilipotelea kwa yule jirani." Nikaitikia, "Ndiyo, shangazi." Nikavikunja bila kumtazama.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Naguru, mlango wetu na wa jirani ikitazamana. Asubuhi haboba alipika gurusa, mikate yetu myembamba, na harufu ikivuka ua, jirani aliita, "Nyie, mnakula bila mimi?" Alasiri walitandika mkeka, wakachora maua kwa penseli, wakashona huku wakisengenya mji mzima. Kazi yangu ilikuwa kuwatilia uzi kwenye sindano, macho yao yalikuwa yamechoka.

Jirani alipomwoza binti yake aliazima vile vitambaa. Akavirudisha asubuhi baada ya harusi, vimefuliwa na kupigwa pasi, akaviweka kwenye benchi mlangoni kwa sababu haboba alikuwa anaswali. Siku hiyo kila mtoto alitakiwa kupeleka shuleni kitambaa kikuukuu cha kupangusia darasa. Asiye nacho alisimamishwa mbele ya wote. Nilikuwa nimesahau. Nikachomoa cha chini kabisa, chenye doa la chai, nikajiambia hiki kimezeeka.

Mwalimu alikikuta kwenye rundo, akakikunjua. "Nani ameleta hiki? Mtu ameshona mpaka kope za ndege!" Darasa likalipuka: "Eh! Bibi harusi amekuja kupiga deki!" Mwalimu akanigeukia. "Wanubi ndio wanaoshona hivi. Si cha kwenu?" Nikatikisa kichwa. Alikiacha mezani hadi jioni ili mwenyewe akichukue. Nilipita hapo mara mbili, mikono nyuma. Kesho yake kiranja alikichana, nusu ya ubao, nusu ya sakafu.

Nyumbani haboba alihesabu. Jirani akaapa, "Wallahi dada, nimeleta vyote sita."

"Basi kimetembea chenyewe?"

Mimi nilikuwa hapohapo, natia uzi. Nikachukua sindano nyingine. Tangu siku hiyo hakuna sahani iliyovuka ule ua, hata siku ya Idi. Haboba alishona peke yake. Jirani alihamia upande wa Port Bell, na haboba akafariki bila kusema naye tena.

Siku hizi kwetu hakuna anayechora maua kwa penseli. Viti tunavifunika kwa vitambaa vya dukani, vinavyofanana nyumba hadi nyumba. Hilo nalivumilia. Nisilolivumilia ni kwamba yule mama yuko hai, na kwetu bado anaitwa mwizi.

Nimeanza kumwandikia barua mara tatu nikaichana. Wewe unayesoma, kama uliwahi kusingiziwa, niandikie unijibu: ungeridhika na barua, au ungetaka nije nisimame mlangoni kwako niseme kwa mdomo wangu?