Kisu Kilitangulia Majani ya Mpera

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi ya mifugo Likoni, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Bwana Afisa alinitazama mikono kabla hajanitazama uso. "Midogo," akasema. "Itafaa kwa ng'ombe wanaozaa kwa shida." Kisha akanionya: "Lakini hapa hatufanyi uganga. Nikikuona na majani, utarudi kwenu." Nikaitikia abee, nikaenda kuosha ndoo.

Majani nilifundishwa na Mzee Nyawa wa mtaa wa Shika Adabu, Mduruma aliyechunga mbuzi na ng'ombe za watu. Tatizo alilolitibu kwayo ni kizazi kutoka nje baada ya ng'ombe kuzaa. Wengi hudhani ni kondo la nyuma, wakalivuta. Kuvuta ni kuua. Mzee Nyawa alichemsha majani ya mpera, akayaacha maji yapoe kabisa, maana maji ya moto huunguza, akatia chumvi na kukosha kizazi taratibu. Kisha alikipaka sukari, nayo hunyonya maji, uvimbe ukapungua. Ng'ombe husimamishwa kwenye mteremko, nyuma ikiwa juu, na kizazi hurudishwa kwa ngumi, si kwa vidole, ng'ombe anapoacha kusukuma. "Majani hayarudishi kitu," aliniambia. "Majani yanatuliza. Mkono ndio unaorudisha." Mimi niliongeza sindano na uzi wa ofisi, ili kisitoke tena. Bwana Afisa alijua. Hakunirudisha kwetu, kwa sababu ng'ombe walipona.

Nikahamishwa Changamwe, kisha Kisauni, na katika miaka ya tisini nikarudishwa Likoni. Sasa sikiliza kinachonichoma hadi leo.

Bi Mwanakombo wa Bofu alikuwa mjane aliyelea wajukuu kwa maziwa ya ng'ombe mmoja. Asubuhi moja aliniita: ng'ombe amezaa salama, kizazi kimetoka. Nilipofika, kilikuwa chekundu, chenye unyevu, bado ki hai. Ng'ombe mwenyewe alikuwa anatafuna majani ya mkunde! Lakini kichwani pake walishajaa wanaume, na mwenye bucha amekwisha kunoa kisu.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba, mwanangu. Wanasema hatapona."

"Huyu hafi," nikasema. "Nataka majani ya mpera, chumvi, na sukari kidogo."

Mwenye bucha akacheka. "Daktari wetu kaleta upishi! Bibi, awahiwe huyu. Akifa bila kuchinjwa ni nyamafu, na dhambi iko shingoni mwako."

Mimi pia ni Mwislamu, na kuwahi mnyama anayekata roho nakujua. Lakini mnyama anayetafuna hakati roho! Nani amewaambia kuwa ng'ombe mgonjwa ni lazima achinjwe? Nilimwambia mwenye bucha hivyo mbele ya watu wote. Wakatazama pembeni. Kila mmoja alikuwa na jirani wa kumgawia nyama.

Nikachemsha majani, nikaitumbukiza sufuria ndani ya beseni la maji baridi nyuma ya nyumba. Nilikuwa natia kidole kuona kama yamepoa niliposikia, "Bismillahi, Allahu akbar." Nikatoka mbio na sufuria mkononi. Damu ilishafika kwenye mlango wa zizi.

"Bi Mwanakombo, kwa nini?"

Alikuwa ameketi chini, ndama kamlaza mapajani, ananyonya vidole vyake. "Mwanangu, wameniambia dhambi ni yangu," akasema. "Ningefanyaje mimi, mwanamke peke yangu?"

Niliwaambia wale wanaume maneno ambayo sitayaandika hapa, na wallahi siyajutii. Mwenye bucha alikuwa anachuna ngozi. "Kazi imekwisha, mama," akanijibu, "usivunje heshima." Heshima! Mjane kanyang'anywa riziki mchana kweupe, na heshima inayovunjwa ni ya mchinjaji. Adhuhuri alimtuma mtu na fungu la maini nyumbani kwangu. Nikamrudisha nalo.

Ndama hakuishi siku nyingi. Bi Mwanakombo akaanza kuuza maandazi, na wajukuu wakajifunza kunywa chai ya rangi.

Nimestaafu. Vijana wanaofuga huja kuniuliza ni majani gani, yanachemshwa vipi, kana kwamba ugumu wa kazi yetu ulikuwa kwenye sufuria. Nawaeleza yote, hata sukari, nami sifichi kitu. Lakini mtu akija mbio anahema, akisema kizazi cha ng'ombe wake kimetoka, simwanzii majani. Namuuliza kwanza:

"Nani umemwacha kichwani pake?"