Tairi Lililotangulia Ukweni

Fundi Kaza alikuwa mtu wa mbwembwe tangu ujana. Jina hilo alibandikwa gerejini, kwa sababu kila ugonjwa wa gari kwake ulikuwa na dawa moja. Mlango unalia? Kaza. Bomba la moshi linatetemeka? Kaza, twende zetu. Wateja walimpenda, na kazi za watu alizifanya kwa uangalifu. Gari lake mwenyewe ndilo lililokuwa likipata makombo ya ufundi. Mganga hajigangi.

Gari hilo lilikuwa la kupandia milima, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, nalo alilipenda kama mtoto wa mwisho. Alilivisha matairi mapana, yakawa yanakwaruza chasisi kila akikata kona. Basi akanunua spesa, zile pete nene za aluminiamu zinazopachikwa kati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na rimu ili tairi lisogee nje kidogo. Gari likisimama na spesa hupanua miguu kama mpiga mieleka. Hapo ndipo roho yake ilipokuwa.

Asubuhi aliyozifunga, ilikuwa siku ya kwenda kumwona mjukuu. Binti yao alikuwa amejifungua akiwa kwa wakwe zake, ng'ambo ya milima, na mkewe Fundi Kaza alikuwa keshaketi ndani ya gari kavaa, kajipaka mafuta, kapakata kikapu cha nguo za mtoto, anapiga honi.

"Baba watoto, huyo mjukuu ataota ndevu kabla hatujafika!"

"Nakuja, nakuja!"

Habu zilikuwa zimekula kutu. Gari la mteja angelisugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, ili spesa ikae bapa bila kubakiza hata mwanya wa ukucha. Lakini honi ilikuwa inalia. Akazipachika spesa juu ya kutu, akakaza nati moja baada ya nyingine kwa kuzunguka duara, wala si kwa kukingamisha, nati hii kisha ya mkabala wake, inavyotakiwa, akarudisha matairi, akajifuta mikono kwenye suruali. Nati za spesa zikabaki zimejificha nyuma ya rimu, mahali ambapo jicho halifiki.

Njia nzima alikuwa anachungulia kivuli cha gari lake pembeni ya barabara, anatabasamu mwenyewe. Walipoanza kupanda milima, mkewe akatega sikio.

"Kuna kitu kinagonga."

"Barabara mbovu hii, mke wangu."

Wakafika penye lami. Kitu kikaendelea kugonga.

"Na hapa je, lami nayo mbovu?"

Fundi Kaza akaongeza sauti ya redio.

Kwenye mteremko wa mwisho, paa la nyumba ya wakwe likiwa linaonekana pale chini, usukani ulianza kumtetemeka mikononi. Akakanyaga breki polepole. Hapo hapo tairi moja likawapita upande wa kushoto, linaruka ruka kwa raha zake.

"Ehee! Kuna mtu kapoteza tairi!" Fundi Kaza akasema, akinyoosha kidole.

"Mtu mwenyewe ni wewe," mkewe akamjibu.

Gari likainama mbele, likaparuza chini kwa kelele iliyomfanya afumbe macho, likasimama. Hakuna aliyeumia. Wakalitazama tairi linavyoshuka, likavuka barabara tupu, likapitia lango lililokuwa wazi, likafyeka tuta zima la nyanya na kwenda kujiegemeza kwenye tangi la maji.

Waliposhuka kwa miguu, kikapu mkononi, mama mkwe wa binti yao alikuwa amelisimamisha tairi barazani, na spesa yake bado imeng'ang'ania.

"Karibuni, wakwe," akasema. "Mguu wenu mmoja umeshafika, nikajua wenyewe hamko mbali."

Watu walicheka mpaka mtoto akaamka. Fundi Kaza alicheka pia, ingawa shingo ilimwaka moto. Baba mkwe akazidi kutia chumvi: "Mkwe, mtaa wa pili yuko fundi mzuri. Nikuitie?"

Alipopanda tena hadi penye gari, akatoa jeki na kufungua tairi la upande wa pili, kicheko kilimwisha. Nati za spesa zilizunguka kwa vidole, laini kama kifuniko cha chupa. Nyuma yake kutu ilikuwa imesagika unga. Akachuchumaa pale. Siku hiyo hiyo walikuwa wamepanga kurudi na binti na kile kichanga.

Mkewe alimkuta bado amechuchumaa.

"Sikusugua," akamwambia. "Nilijua, na sikusugua."

"Na mimi nilikuharakisha," mkewe akasema, akamshika bega. "Njoo kwanza umbebe mjukuu. Chuma hakikimbii tena."

Walilala ukweni. Kesho yake zikaja boliti mpya za kuchukua nafasi ya zile zilizolika, akazing'oa spesa zote, akarudi nyumbani na mkewe tu, matairi yakikwaruza, kila kona ikimzomea.

Baadaye alizifunga upya. Safari hii alitafuta spesa ambazo tundu la katikati linashika habu barabara, akasugua nusu siku, akakaza kwa kukingamisha, na spana ya kupimia mkazo ikamwambia aishie wapi. Kisha akazunguka mjini, akarudi, akafungua matairi na kukaza tena, maana chuma kipya hujituliza, nati nazo hulegea. Wateja aliowafungia spesa nao wakawa wananung'unika wanapoitwa warudi kukaziwa mara ya pili. Aliwaacha wanung'unike, lakini funguo hakuwapa mpaka waahidi.

Mwezi uliofuata walikwenda kumchukua binti na mtoto. Wakirudi, katikati ya milima, Fundi Kaza aliegesha gari penye tambarare na kutoa jeki na spana ya kupimia mkazo. Mkewe alimimina chai kutoka kwenye chupa, akampa binti kikombe, akaweka kingine kwenye boneti kikimsubiri mzee amalize gurudumu la nne. Mtoto alilala tu.