Fomu Yangu ya Chuo Kikuu

Hasira niliyoamka nayo Jumamosi ile ilinizuia hata kunywa uji. Nilikuwa mwalimu Unyambwa, mwaka wa pili kazini, na siku hizo kufaulu peke yake hakukutosha kukuingiza chuo kikuu. Ilibidi uwe umefanya kazi, kisha tawi la chama likupendekeze. Mwalimu mwenzangu wa Shelui alikwisha kujibiwa, mimi kimya. Nikaamini kwamba Mzee Njiku, mwenyekiti wa tawi letu, ameikalia fomu yangu kwa sababu sikuonekana sana kwenye shamba la ujamaa.

Nikaenda kwenye mkutano wa kijiji. Bila kumwamkia mtu, nilisimama mbele ya wazee nikamnyooshea kidole mwenyekiti.

"Wewe hukumaliza hata darasa la nne, ndiyo maana unatuonea wivu sisi tuliosoma."

Mzee Njiku alingoja nimalize, akatoa bahasha kwenye koti.

"Fomu yako ilirudishwa jana kutoka chuo kikuu, mwalimu. Wanasema sehemu ya tawi umeijaza mwenyewe. Na mimi nikagonga muhuri bila kusoma."

Ni kweli, nilikuwa nimejaza kila nafasi niliyoiona wazi. Akavaa miwani, akasoma polepole ili wote wasikie.

"Tabia ya mwombaji: ni mpole, mnyenyekevu, na huwaheshimu sana wakubwa."

Hakuna aliyecheka. Mzee akachomoa kalamu na fomu mpya.

"Safari hii naandika mimi," akasema. "Haya, mwalimu, niandike nini?"